“Mama, unaisha!” Nibandike karatasi ya hospitali kwenye grupu?

*Safu ya Ushauri. Barua hii imetoka Lubumbashi. Jina la mwandishi tumeliacha, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha tumeyabadilisha kwa ruhusa yake.*

Yaya, dada yangu mkubwa, pokea salamu zangu.

Mimi ni mama wa miaka 43, nina watoto wanne, naishi Katuba. Kwa miaka tisa nina malewa yangu, mkahawa mdogo, karibu na soko moja la komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Napika bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, kapenta, na mwisho wa mwezi kuku. Wateja wangu ni waashi, madereva wa taksibisi na vijana wanaotengeneza simu. Nilikuwa mama wa mwili mkubwa, kilo 86, na ule mwili ndio ulikuwa kibao cha biashara yangu. Mtu akiniona alisema, chakula cha huyu kina nguvu. Tulikuwa tunataniana sana pale. Mmoja nilimwita Pipa, mwingine Kijiti, na wao waliniita Mama Kilo. Hakuna aliyekasirika.

Mwaka jana, mwezi wa nane, kiu ilinishika. Nilikunywa maji kama mtu anayezima moto, na usiku niliamka mara tano, mara sita kwenda chooni. Nikaanza kukonda. Nilidhani ni moshi wa makaa na kazi ya kusimama. Macho yalipoanza kuona ukungu ndipo nikaenda hospitali. Walinitoa damu asubuhi kabla sijala, wakakuta sukari 318. Daktari alipima na mengine yote, sida (ukimwi), kifua kikuu, hakuna walichokuta. Ni ugonjwa wa sukari. Nilipewa vidonge, nikaambiwa nipunguze bukari na niache soda. Kila Jumatano napimwa kituo cha afya na naandika namba kwenye kidaftari. Juzi ilikuwa 141. Lakini mwili haujarudi, niko kilo 62.

Yaya, sikujua kwamba mwili wa mtu ni mali ya watu wote. Siku hizi hata salamu haitangulii. “Mama, unaisha!” “Eh, umebaki macho tu!” “Nani anakukula?” Mama mmoja anayeuza mboga alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, akauzungushia kidole gumba na cha kati, akamwonyesha mwenzake namna vidole vinavyokutana. Kwenye kilio cha jirani, mwanaume mmoja alitoka kuwapa pole wafiwa, akanigeukia: “Na wewe jitayarishe.” Watu walicheka, na maiti iko ndani. Mwezi wa kwanza niliweka Facebook picha ya harusi ya mdogo wangu, nimevaa kitenge kipya. Mtu nisiyemjua akaandika “picha ya mwisho”. Mwingine akaweka sanduku la maiti na vicheko.

Kuna mwashi mmoja, anakula kwangu miaka mitano. Jumatatu moja alikuja na kijiko chake amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaomba nimpakulie kwenye bakuli aliyotoka nayo nyumbani. Hakusema neno lingine. Alikula, akalipa, akapangusa kijiko, akakirudisha mfukoni. Afadhali angenitukana. Zamani nilimaliza kilo kumi za unga kwa siku. Sasa nne, na nyingine inabaki.

Kilichonivunja kabisa ni likelemba, kile chama chetu cha kupeana pesa kwa zamu. Tuko mama 22, kila Jumamosi kila mmoja anatoa faranga 20,000. Zamu yangu inafika baada ya wiki tatu, na ile pesa tayari ina jina: minervali, ada ya shule ya kijana wangu wa kwanza. Wiki iliyopita mtunza pesa wetu alituma odio kwenye grupu ya WhatsApp. Ni yeye aliyembeba binti yangu kanisani siku ya ubatizo. Alisema: “Bamama, tumuombee mwenzetu, ile maladi yake tunaijua, haina dawa. Na zamu yake tuipeleke mwisho, maana tukimpa sasa, kesho nani atatulipa?” Dakika moja na sekunde kumi na mbili. Naijua kwa moyo, naisikiliza kila usiku. Mama kumi na mmoja waliweka mikono ya kuomba. Hakuna aliyesema hapana.

Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Kasumbalesa. Na yeye wanamsema, eti ndiye aliyeniletea kutoka barabarani. Amekasirika, anasema: “Piga picha karatasi ya labo, bandika kwenye grupu, bandika na Facebook, wafunge midomo.” Kaka yangu anataka twende polisi. Mama yangu anasema ninyamaze, maneno hayaui. Binti yangu wa miaka 11 aliniuliza Jumapili kama nitakufa kabla ya mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi.

Picha ya karatasi iko tayari kwenye simu. Kila jioni naifungua, kidole kinafika juu ya kitufe, kinarudi. Yaya, nibandike?

*Mama wa malewa, Lubumbashi*

Jibu

Mdogo wangu,

Hiyo picha iache kwanza ndani ya simu. Haitaoza. Tuongee.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara zote nimesimama pahali pamoja ambapo wewe hukusimama. Grupu umeiandikia mistari mingi, na kijiko cha mwashi umekichora hadi nikakiona. Binti yako umempa sentensi moja, kisha ukarudi kwenye simu. Najua kwa nini. Kuna maneno ambayo mtu akiyagusa yanaungua, basi anapita haraka. Lakini kati ya wote wanaosema juu ya mwili wako, ni huyo mtoto peke yake aliyekuuliza uso kwa uso akitaka jibu. Wengine walikuwa wanatangaza.

Sijui ulimjibu nini. Kama ulimwambia “nyamaza, usiseme hivyo”, hujakosa, mama yeyote angeshtuka. Ila mtoto wa miaka 11 akinyamazishwa huondoka na jibu alilopewa na wenzake uwanjani. Anaweza kuambiwa jina la ugonjwa wako. Anaweza kuonyeshwa vidonge, hiki cha asubuhi, hiki cha jioni. Usimwahidi kwamba hutakufa, ahadi hiyo hakuna mzazi anayeweza kuitimiza. Unaweza kumwambia kwamba ugonjwa huu watu wanaishi nao miaka mingi wakijitunza, na kwamba unajitunza. Jambo moja tu ninaliogopa hapa: asigeuzwe askari wako, akapigana shuleni kila siku kulinda jina la mama yake. Labda mwalimu wake ajue kidogo, kwa mdomo wako, ili watoto wakianza kuimba kuwe na mtu mzima karibu.

Sasa karatasi.

Mume wako anaona wazi: wanasema una sida, karatasi inasema huna, maneno yataisha. Hasira yake ninaielewa, maana yeye anatukanwa mara mbili, kama mume na kama dereva. Dereva wa lori anabandikwa ugonjwa hata kabla hajashuka kwenye gari. Kwa hiyo nakuomba usimwone kama mtu anayetaka kukuanika. Anatafuta namna ya kukulinda, na pengine ya kujilinda pia.

Lakini tuifuate karatasi hiyo njiani. Ina jina lako, miaka yako, jina la hospitali. Ukiibandika saa mbili usiku, saa mbili na dakika tano imeshatoka kwenye grupu. Hata ukiifuta baadaye, aliyeihifadhi ameihifadhi. Atakayetaka kuamini ataamini. Asiyetaka atasema umeinunua, au ni ya zamani, au waliopima walikosea. Mwezi wa sita ukishikwa na malaria, wataomba karatasi nyingine. Hapo ndipo ninajiuliza: ukishajibu swali ambalo hawakuwa na haki ya kuliuliza, utalikataaje safari ijayo?

Kuna na jambo la pili, na hili ninakuambia polepole kwa sababu najua hukulikusudia. Mko mama 22. Sijui kama kati yenu kuna anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi. Wewe pia hujui, na haituhusu. Lakini kama yupo, atasoma karatasi yako pamoja na wengine. Ataona umesafishwa kwa neno “hana”. Ataelewa kwamba kosa la mtunza pesa lilikuwa kukosea mtu tu, na kwamba mwenye ugonjwa huo kweli anastahili kusogezwa mwisho wa foleni. Mwanamke huyo huenda ndiye anayekuletea sombe kila asubuhi.

Nisikufiche kwamba nimeona upande mwingine pia. Yako ni biashara ya chakula. Jirani akikufikiria vibaya unaumia moyo, mteja akikufikiria vibaya watoto wako wanalala njaa. Kwa hiyo siwezi kukuambia kirahisi “wapuuze”. Ila kati ya kubandika karatasi na kufunga mdomo kuna njia katikati: kusema mwenyewe, kwa sauti yako, “Nina ugonjwa wa sukari, natibiwa.” Basi. Bila karatasi, bila kusema ugonjwa gani huna. Hapo umetoa habari yako kwa kipimo chako. Hata hii ina gharama yake. Ukisema sukari, kesho yake kila mtu ni daktari. Huyu ataleta majani ya kuchemsha, yule mizizi, na wa tatu atasema acha vidonge, njoo tuombe. Maombi omba. Vidonge usiviache. Na wapo watakaosema sukari ni ya ukoo, waanze kuwatazama watoto wako. Pima kama uko tayari kwa hayo.

Niseme kidogo kwa nini neno “umekonda” linakuwa zito hivi kwetu, maana ninadhani litakusaidia kuwaona hao watu vizuri zaidi. Sisi wenye miaka arobaini na kuendelea tulikua katika miaka ambayo sida ilikuwa haina dawa. Kule Uganda, katika miaka ya 1980, watu waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwetu Kongo, utafiti mkubwa juu yake ulianza Kinshasa mwaka 1984. Tuliona wajomba na dada wakikauka juu ya mkeka, na hakuna aliyethubutu kutaja jina. Jicho letu lilijifunza hapo: aliyekonda anaondoka. Dawa zilikuja baadaye, mambo yakabadilika, lakini jicho halikuambiwa. Leo mtu anayemeza dawa zake vizuri anaweza kuwa na kilo 86 kama wewe wa zamani, na virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake hata kitandani. Na sahani, kijiko, bukari, jasho la mpishi, havijawahi kuambukiza virusi hivyo, tangu siku ya kwanza. Kijiko cha mwashi wako hakimkingi na chochote.

Huyo mwashi nataka tumrudie. Umeandika kwamba afadhali angekutukana. Mimi nimeona kitu kingine. Malewa ni mengi pale sokoni. Angeweza kuvuka barabara, akala kwa mwingine, usimwone tena. Yeye aliogopa, akatafuta kijiko, akakifunga, na akarudi kwako. Alikula chakula ulichokipika kwa mikono yako. Woga wake ni wa ujinga, na umekuumiza, hayo hayafutiki. Lakini inawezekana yule ni mtu aliyeshindwa kuacha chakula chako, au aliyeshindwa kukuacha wewe, akakosa namna ya kuuliza. Ungemjua wewe, si mimi. Siku moja wateja wakiwa wachache, ukikaa naye kwenye benchi na sahani yako kutoka chungu kilekile, mkala pamoja, huenda akauliza. Huenda pia akainuka na bakuli yake. Uamuzi wa kujaribu ni wako.

Unaona, wote umewaweka ndani ya gunia moja, na ninakuelewa, maneno yakimpiga mtu kutoka kila upande hana nafasi ya kuyachambua. Lakini yule wa kwenye kilio, aliyechekesha watu kwa kifo chako mbele ya wafiwa, hana moyo mmoja na mama wa mboga aliyekupima mkono. Mama wa mboga alikukosea, mwili wako si ndizi ya kubonyezwa. Ila wapo wanaouliza “uko na nini?” kwa sababu hawakufundishwa namna nyingine ya kusema “ninaogopa kukupoteza”. Hao ukiwajibu kwa upole wanaweza kuaibika na kubadilika. “Yaya, uliponishika mkono vile niliumia” ni maneno machache, na mama wa mboga anaweza kuyasikia bila soko zima kujua.

Walioandika Facebook ni kitu kingine kabisa. Yule wa sanduku la maiti hakujui. Alipita, akatupa jiwe, akaendelea na safari yake, na labda siku ileile alitupa mengine thelathini. Hapo mama yako ana haki, kunyamaza kuna faida. Ila kunyamaza si kuyaacha maneno yao chini ya picha yako. Ukurasa ni wako. Futa, mzuie asirudi, na kitenge chako kipya kibaki. Ukimjibu utampa alichokuja kukitafuta, na wanaokupenda watalazimika kusoma ugomvi kila wakifungua picha ya harusi.

Kwenye likelemba lakini, kimya kina bei, na wewe ndiye utakayeilipa.

Tufanye hesabu pamoja. Mko 22. Toa wewe, toa mtunza pesa, toa kumi na mmoja wa mikono ya kuomba. Wanabaki tisa ambao hawakuweka chochote. Umeandika kwamba hakuna aliyesema hapana. Ni kweli. Lakini hata ndiyo hawakusema. Umeongea na hata mmoja wao? Na wale kumi na mmoja, una hakika walikubali zamu yako isogezwe? Odio ilianza na “tumuombee”. Watu wengi husikiliza sekunde ishirini za kwanza huku wanapepeta unga, wanaweka mikono, wanaendelea. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Ninasema hujui bado, na unaamua usiku wa manane kana kwamba unajua.

Mtunza pesa mwenyewe, huyo ndiye jiwe zito, kwa sababu alimbeba mtoto wako. Alichofanya kina sehemu mbili, na nakuomba uzitenganishe. Alitangaza ugonjwa usio wake kuutangaza, na tena akakosea. Hilo ni tusi, hata kama lilivaa nguo ya maombi. Sehemu ya pili ni woga wa pesa: mwenzetu akifa baada ya kupokea, nani analipa? Swali hilo likelemba yoyote linaihusu, maana taksibisi haiulizi nani amekonda. Kosa lake ni kulifunga shingoni mwako peke yako.

Kwa hiyo unaweza kumwendea, nyumbani kwake, kabla ya Jumamosi. Kwa miguu, si kwa odio. Pengine na mama mmoja mkubwa mnayemheshimu wote wawili, asiye mpenda maneno. Nisingeanza na ugonjwa. Ningeanza na kilichouma: “Wewe ulimshika mtoto wangu juu ya maji ya ubatizo. Ulipotaka kujua nina nini, kwa nini hukuja kuniuliza?” Kisha zamu: “Kama tunaogopa kifo, tuweke sheria ya wote, kila mmoja awe na mdhamini.” Mume wako akijitolea kuwa mdhamini wako, pesa zako huenda zikapona. Lakini angalia, ukikubali mdhamini wewe peke yako huku wengine hawana, umekubali kwamba wewe ndiye wa kufa. Na mazungumzo haya yanaweza kuharibika. Anaweza kulia, anaweza kusema umemtukana, anaweza kuanza odio nyingine ukiwa bado njiani kurudi. Uhusiano wa ubatizo unaweza kupasuka, na binti yako ataona. Pima na hilo pia.

Kutoka kwenye grupu kunawezekana, na siku hizi WhatsApp haitangazi kwa wote, msimamizi ndiye anayepata habari. Utapumua. Ila ukitoka kabla ya zamu yako, nani atakutetea mazungumzo yakiendelea bila wewe?

Kaka yako anataja polisi. Ajue hajazungumza upuuzi. Kanuni yetu ya adhabu, ile ya mwaka 1940, inamwadhibu anayempakazia mwenzake hadharani, kwa nia mbaya, jambo la kumvunjia heshima. Tangu mwaka 2008 kuna sheria inayowalinda wanaoishi na virusi vya sida na wote wanaoguswa na ugonjwa huo wasibaguliwe, na mwaka 2023 nchi ilipata kanuni ya mambo ya mitandao. Odio hiyo itunze, usiifute. Mawakili wana ofisi ya ushauri wa bure kwa asiye na uwezo. Unaweza kwenda kuuliza tu, bila kufungua kesi, ili ujue umesimama wapi. Kesi yenyewe ni safari ndefu: siku za kufunga malewa, pesa za kwenda na kurudi, na ugonjwa wako kusomwa mbele ya watu usiowachagua. Kuna wanaoifanya safari hiyo na wanafanya vema. Kuna wanaoridhika kumwambia mtu, “najua haki yangu, lakini nimekuja kwako kwanza.”

Mdogo wangu, nina neno moja gumu zaidi, na ninalisema kwa mapenzi. Pale mwanzoni umeniambia kuhusu Pipa na Kijiti, na kwamba hakuna aliyekasirika. Unajuaje? Wewe nawe ulicheka walipokuita Mama Kilo. Je, kila siku ulikuwa unacheka kutoka ndani? Sikulinganishi na aliyekutangazia kifo. Ninauliza kwa sababu na mimi nimo. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kituo cha taksibisi, nilikutana na jirani wa zamani amepungua mwili, nikamwambia kwa furaha kabisa: “Umependeza! Nipe siri!” Alinitazama, akasema: “Nilizika mtoto mwezi uliopita. Chakula hakipiti.” Gari likaja, akapanda. Nilibaki pale na tabasamu bado liko usoni, sikujua nilipeleke wapi. Tangu siku ile nikimwona mtu mwili wake umebadilika, ninamwuliza habari za nyumbani, kisha ninasubiri. Kama anataka kunieleza mwili wake, atanieleza. Labda Kijiti naye ana barua yake ambayo hajaiandika. Wewe ndiye mtu pekee pale sokoni anayeweza kumwuliza, kwa sababu sasa unajua inavyokuwa.

Na mwili wenyewe tusiusahau kwa ajili ya midomo ya watu. Kutoka 318 hadi 141 umefanya kazi kubwa, nakupongeza. Bado iko juu kidogo. Kwa mtu aliyeamka bila kula, kuanzia 126 madaktari wanahesabu ni sukari. Mwambie daktari kwamba kilo hazirudi. Mwenye sukari hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, mara mbili hata tatu kuliko mwingine, kwa hiyo ukipata kikohozi kisichoisha rudi wapime upya. Uliza na macho. Hayo uyaulize kwa sababu ni yako, si kwa sababu wameyasema. Odio ile ya kila usiku nayo, ihifadhi kwa kaka yako, kisha uiondoe kwenye simu unayolala nayo. Wasiwasi na kukosa usingizi hupandisha sukari, na wewe unajinywesha vyote viwili kila usiku kwa dakika moja na sekunde kumi na mbili.

Karatasi sijakuambia ubandike wala usibandike. Mume wako keti naye, umsomee barua hii, mwulize yeye mwenyewe anaogopa nini zaidi. Mkikubaliana kubandika, mtakuwa mmeijua njia itakayopita. Mkikubaliana kuifuta, mtafuta pamoja.

Jumatano ijayo ukienda kituo cha afya, kama shule inaruhusu, nenda na binti yako. Akae karibu, aone kidole kikichomwa, aone ni tone dogo tu. Kisha mpe kalamu na kidaftari, namba atakayoisikia aiandike kwa mkono wake. Niandikie uniambie ilikuwa ngapi.

*Yaya wako*